Kukamilisha Albamu ya Sarafu Wakati Sarafu Moja Ina Bei ya Kuogofya: Mwongozo Kamili

Albamu za sarafu hukwama mahali pale pale. Kurasa zimejaa, tundu moja limebaki wazi, na tundu hilo linadai pesa nyingi kuliko zote zilizokwisha kutumika kwenye albamu nzima. Kwa anayekusanya senti za Lincoln za Marekani, ni senti ya 1909 iliyotoka kiwanda cha San Francisco ikiwa na herufi V.D.B. upande wa nyuma. Kwa senti 10 za Mercury ni ya 1916 yenye herufi D ya Denver. Kwa dola za Morgan ni ya 1893 yenye S ya San Francisco. Hata kwenye peni 50 za Uingereza zinazozunguka mikononi mwa watu ipo sarafu ya namna hiyo: ile ya bustani ya Kew ya 2009, ambayo zilitengenezwa 210,000 tu. Kila seti ina kigogo wake, yaani ile sarafu moja ngumu kupatikana na ghali kuliko nyingine.

Desturi ni kujaza matundu rahisi kwanza na kumwacha kigogo awe wa mwisho, kwa imani kwamba siku ikifika pesa zitapatikana. Mara nyingi hazipatikani, kwa sababu zimeshamalizwa kidogo kidogo kwenye yale matundu rahisi. Mwongozo huu unakwenda kinyume. Unaanza na kigogo, kwa kuwa bei yake ndiyo inayopaswa kuamua unakusanya seti ipi, katika hali gani na kwa mpangilio upi. Mifano mingi nimeitoa kwenye sarafu za Marekani kwa sababu idadi zake zimeandikwa vizuri na vigogo wake wamechunguzwa kwa kina, lakini njia ni ile ile kwa seti yoyote.

Hatua ya kwanza: jua kwa nini ni ghali

Uchache peke yake hautoshi kuipandisha sarafu bei. Mwaka 1909 San Francisco ilitengeneza senti 309,000 za muundo wa zamani wenye kichwa cha Mhindi Mwekundu, na senti 484,000 za Lincoln zenye V.D.B. Ya kwanza ni chache zaidi, lakini kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko ya pili. Sababu ni kwamba watu wanaojaza albamu za Lincoln ni wengi mno kuliko wanaojaza za Mhindi, na wote wanalitazama tundu lile lile. Unapolipa bei ya kigogo, sehemu kubwa ya pesa hiyo inatokana na wenzako kuitaka sarafu hiyo hiyo.

Jambo la pili ni ngapi zilihifadhiwa zikiwa mpya. Herufi V.D.B. ni za mchongaji Victor David Brenner. Senti hizo zilitolewa Agosti 1909, watu wakalalamika kwamba herufi zimejitokeza kupita kiasi, na ndani ya siku chache zikaondolewa. Kelele hizo ziliwafanya wengi waweke senti kando, ndiyo maana leo zipo nyingi ambazo hazijachakaa. Senti ya 1914 ya Denver haikupata bahati hiyo. Zilitengenezwa 1,193,000, hakuna aliyezijali, zikatumika mpaka zikalika. Matokeo yake, 1914-D iliyochakaa inafikika, ila ikiwa mpya yenye rangi yake nyekundu ya asili inaipita hata ile ya V.D.B. kwa bei.

Kuna pia vigogo wa uongo. Nikeli (senti 5) ya Jefferson ya 1950 ya Denver ndiyo yenye idadi ndogo kuliko zote kwenye mfululizo wake wa kawaida, 2,630,030, na kwa muda ilisifiwa kama hazina. Lakini kila mtu aliijua tangu siku ya kwanza, zikawekwa kwa mabunda, na leo iliyo mpya kabisa haimtoi mtu jasho. Mbinu hiyo hiyo hutumika kwenye sarafu za kisasa za ukumbusho: toleo dogo, sanduku zuri, kelele nyingi. Kabla ya kuamini kwamba sarafu ni adimu, tazama ni ngapi zinauzwa wiki hii. Ukikuta mia moja, una muda wa kutosha.

Sasa chukua orodha ya bei ya seti yako, na matokeo ya minada ya karibuni kama unaweza kuyapata, kisha andika bei ya kigogo kwa kila daraja la hali, kuanzia iliyochakaa kabisa hadi iliyo mpya. Usitazame bei yenyewe. Tazama mwanya kati ya daraja moja na jingine. Kwa karibu kila sarafu ghali kuna mahali bei inaruka ghafla. Daraja lililo chini tu ya mruko huo ndilo lako. Unapata sarafu bora kuliko zote kabla pesa hazijaanza kununua sifa badala ya chuma.

Hatua ya pili: amua "kamili" ni nini kwako

Albamu imetobolewa matundu na kampuni ya uchapishaji. Si sheria. Kwenye dola za Morgan kuna mahali pa 1895 ya Philadelphia. Vitabu vya kiwanda vinataja dola 12,000 za kawaida za mwaka huo, lakini hakuna hata moja iliyothibitishwa kuwepo. Zinazojulikana ni zile za kioo, yaani zenye uso unaong'aa kama kioo, zilizotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, 880 tu, na bei yake ni ya kufunga mjadala. Wakusanyaji wengi makini huliacha tundu hilo wazi na kuiita albamu yao kamili, wala hakuna anayewabishia. Senti 10 ya Barber ya 1894 ya San Francisco zilitengenezwa 24. Hakuna anayekusubiri uipate.

Kwa hiyo kabla ya kuweka akiba, jiulize kama kweli unataka seti ndefu. Zipo seti fupi zinazokubalika na wakusanyaji, si visingizio vya mtu aliyeshindwa. Senti za Lincoln za 1934 hadi 1958 hazina kigogo wa kutisha. Nusu dola za Walking Liberty za 1941 hadi 1947 ni seti nzuri kwa macho, na mtu anaweza kuinunua yote ikiwa mpya kwa pesa ambazo zisingemtosha kununua 1921-D moja isiyochakaa, sarafu iliyotengenezwa 208,000 tu.

Njia nyingine ni sarafu moja kwa kila mwaka bila kujali kiwanda. Hapa kigogo huyeyuka. Senti 10 za Mercury za 1916 kutoka Philadelphia ni 22,180,080, wakati za Denver ni 264,000. Ukichukua ya Philadelphia, mwaka 1916 umetimia. Anayetaka tu kuona zile herufi za Brenner nyuma ya senti anaweza kupata ya Philadelphia ya 1909, ambazo zilikuwa karibu milioni 28. Hata hivyo usidhani seti ya miaka haina meno: kwenye Mercury utakutana na 1921, mwaka ambao Philadelphia na Denver zote mbili zilitengeneza kidogo, na hapo hakuna pa kukimbilia.

Ukishaamua, andika uamuzi wako kwa karatasi na uubandike ndani ya jalada la albamu. Ukijiruhusu kubadilisha maana ya "kamili" kila mara bei inapokukera, utajikuta na albamu tatu zilizokwama badala ya moja.

Hatua ya tatu: kigogo kwanza, nyingine baadaye

Sababu ya kumtanguliza kigogo si ujasiri. Ni mpangilio wa hali. Tuseme umejaza matundu yote kwa sarafu zinazong'aa, kisha pesa zako zikatosha kigogo aliyelika hadi ukingo umeungana na maandishi. Ukurasa utaonekana kama meno meupe yenye jino moja bovu katikati. Ukianza naye yeye, unajua kwamba sarafu nyingine zinatakiwa ziwe za daraja lake au daraja moja mbili juu yake, na unaokoa pesa nyingi kwa kutonunua ubora ambao albamu yako haiuhitaji.

Kuna faida ya pili ambayo watu hawaisemi. Maisha yakibadilika ukalazimika kuuza, kigogo ndiye anayeuzika haraka. Matundu rahisi yaliyojaa huuzwa kwa jumla na kwa hasara.

Pingamizi ni moja, na ni ya haki: mgeni hana jicho. Kumnunua kigogo kabla hujajua tofauti ya sarafu iliyosuguliwa na iliyoachwa ilivyo ni kuomba kuibiwa. Basi nunua kwanza sarafu za kawaida za mfululizo huo huo, za madaraja tofauti, ukizitazama kwa lenzi mpaka ukifumba macho unajua nywele hulika wapi kwanza na tarehe hufifia vipi. Hizo ndizo ada ya shule. Ukishazizoea mkononi, fungia pochi kwa kila kitu kingine na uweke akiba ya kigogo.

Akiba yenyewe haina siri. Uza sarafu ulizo nazo mbili mbili. Acha kununua sarafu zisizo za seti hii, ambalo ndilo jambo gumu kuliko yote. Usikope: sarafu hailipi riba. Na unapopanga kiasi, weka gharama za pembeni tangu mwanzo: minada mingi huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi juu ya bei uliyopiga, halafu kuna usafirishaji wenye bima na, sarafu ikivuka mpaka, ushuru. Mtu aliyeweka akiba ya bei ya orodha peke yake hugundua siku ya mnada kwamba pesa zake zinatosha daraja moja chini.

Hatua ya nne: chagua kasoro utakazoishi nazo

Sarafu nyingi hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 70, kilichobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za zamani za Marekani kisha kikasambaa kwenye sarafu nyingine. Namba 3 na 4 ni sarafu zilizolika sana lakini zinazotambulika; 20 bado ina maelezo mengi; 60 na kuendelea hazijatumika. Kwa kigogo ghali, uwanja wako ni kati ya 3 na 12. Kwenye 1916-D iliyochakaa, kitu kinacholipiwa ni viwili tu: tarehe isomeke, na herufi D isiwe na shaka. Mengine ni mapambo.

Baadaye unakutana na sarafu zenye kasoro, ambazo kampuni za upimaji hukataa kuzipa namba na kuandika tu jina la kasoro. Hizi huuzwa kwa punguzo, na kwa mtu wa albamu ndizo mlango wa uani. Lakini kasoro hazilingani. Kusafishwa zamani, kisha rangi ikarudi taratibu, ninakubali bila kusita. Kidonda kidogo cha ukingo pia, kwa kuwa ukingo huo utazibwa na albamu. Mkwaruzo wa upande wa nyuma ninaukubali kama bei inaonyesha kwamba muuzaji ameuona. Kutu kwenye shaba naikataa, kwa sababu mara nyingi haijaisha, inaendelea kula. Sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni ni suala la moyo: wengine huipenda historia yake, mimi naona tundu ndani ya tundu.

Namna ya kuona usafishaji ni hii. Shika sarafu kwa ukingo chini ya taa moja, si taa ya dari inayomwaga mwanga pande zote, na uigeuze polepole. Sarafu isiyoguswa huwa na mwanga unaozunguka juu yake kwa ulaini. Iliyosuguliwa hutoa mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, ikiwaka na kuzimika kwa pamoja. Kisha tazama katikati ya herufi. Sarafu iliyopita mikononi kwa miaka huwa na weusi uliojikusanya kuzunguka herufi na tarehe, wakati sehemu za juu zimepauka. Ukikuta senti ya shaba iliyolika lakini ina rangi ya waridi hadi kwenye pembe za herufi, imeoshwa, hata muuzaji aape.

Zipo pia njia za pembeni za baadhi ya seti. Robo dola ya Standing Liberty ya 1916 ilitengenezwa 52,000 tu, na tarehe yake ilijitokeza juu kiasi kwamba ilifutika haraka. Kasoro hiyo haikurekebishwa mpaka 1925. Kwa hiyo zipo za 1916 zisizo na tarehe kabisa, zinazotambuliwa kwa nywele na mikunjo ya vazi, na bei yake ni sehemu tu ya ile yenye tarehe. Kwenye nikeli za Buffalo zipo ambazo tarehe yake imefufuliwa kwa asidi, ikiacha doa la mkwaruzo pale tarehe ilipo. Wapimaji hawazipendi. Kwa tundu la 1913-S la muundo wa pili, ambalo watu hulipia sana, sarafu ya namna hiyo si aibu ilimradi uuziwe kama ilivyo.

Hatua ya tano: mtilie shaka kigogo

Hapa ndipo pesa hupotea kwa kweli, kwa hiyo nitakaa kidogo. Vigogo bandia wa hatari zaidi hawakutengenezwa upya kutoka mwanzo. Ni sarafu halali za kawaida zilizochezewa: herufi imeongezwa, au tarehe imechongwa. Uzito ni sahihi, chuma ni sahihi, umri ni sahihi. Kilicho uongo ni milimita moja tu ya uso.

1914-D ndiyo mfano mzuri wa kujifunzia. Matapeli huchukua 1944-D, ambayo ni ya kawaida sana, na kuchonga ile 4 ya kwanza iwe 1. Tazama nafasi kati ya 9 na 1: ikiwa pana kupita kiasi, ni kwa sababu pale palikuwa na 4. Kisha hamia begani mwa Lincoln. Herufi V.D.B. zilirudishwa mwaka 1918, safari hii zikiwa ndogo chini ya bega. Senti inayodai kuwa ya 1914 lakini ina V.D.B. begani imejishitaki yenyewe.

Kwenye 1909-S VDB mchezo huwa wa aina mbili: kubandika S kwenye senti ya Philadelphia yenye V.D.B., au kuongeza V.D.B. nyuma ya senti ya San Francisco isiyonazo. S halisi ina ncha zilizosimama wima na kidoa kidogo kilichoinuka ndani ya kitanzi cha juu, na iko kwenye nafasi chache tu zinazojulikana chini ya tarehe. Upande wa nyuma, kijiti cha katikati cha herufi B huenda mshazari. Ukiona mstari au kivuli kuzunguka S, kama vile imekalia uso badala ya kuota kutoka ndani yake, ondoka.

1893-S ina ushahidi wa kupendeza. Dola zote 100,000 za toleo hilo zilipigwa kwa muhuri mmoja wa upande wa kichwa, na muhuri huo ulikuwa na mkwaruzo. Kwa hiyo sarafu halali hubeba kijistari kidogo kilichoinuka ndani ya sehemu ya juu ya herufi T ya neno LIBERTY. Kwa senti ya Mhindi ya 1877, zilizotengenezwa 852,500, angalia herufi N ya neno ONE upande wa nyuma: zile za kawaida zina N hafifu, ya kina kifupi. N iliyochongoka vizuri kwenye sarafu isiyo ya kioo ni kengele ya hatari. Na 1916-D halisi ina D nene yenye upenyo mdogo wa pembetatu; D nyembamba, iliyo wazi na ya kisasa, ilizaliwa mahali pengine.

Nunua mizani ya kidijitali inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Senti ya Lincoln ya miaka hiyo ina gramu 3.11, senti 10 ya fedha gramu 2.50, dola ya Morgan gramu 26.73, na sarafu iliyochakaa hupungua kidogo. Mizani itakamata bandia za kiwanda, haitakamata zilizochezewa. Sumaku nayo isikupe kiburi. Fedha na shaba hazivutwi, lakini bandia nyingi pia hazivutwi. Inasaidia sana mahali pamoja: senti ya 1943, ambayo kwa kawaida ni ya chuma, ikipakwa shaba na kuuzwa kama ile adimu ya shaba. Sumaku ikiing'ang'ania, maongezi yameisha.

Kama kigogo wako anagharimu pesa zitakazokuuma, nunua aliyekwisha kuthibitishwa na kampuni ya upimaji inayoheshimika. PCGS ilianza kazi mwaka 1986 na NGC mwaka 1987, na zote zina orodha ya namba kwenye tovuti zao. Usiishie kuona namba ipo. Makasha ambamo kampuni hufungia sarafu nayo hughushiwa, yakiwa na namba halali iliyonakiliwa. Linganisha picha ya kampuni na sarafu uliyo nayo, alama kwa alama, doa kwa doa.

Hatua ya sita: siku ya kununua

Jambo la kutuliza moyo: vigogo wengi wa albamu hawapotei sokoni. 1909-S VDB huonekana karibu kila mnada mkubwa wa sarafu za Marekani. Ukiikosa leo, nyingine inakuja. Anayekuambia hii ndiyo nafasi ya mwisho anauza wasiwasi.

Weka ukomo wako ukiwa umetulia, pamoja na ada zote, na uuandike. Kwenye mnada wa mtandaoni peleka ukomo huo mara moja kuelekea mwisho na ufunge ukurasa. Mtu anayekaa kutazama namba zikipanda hujikuta anapigania ushindi badala ya sarafu. Kwa muuzaji wa ana kwa ana, omba uitazame nje ya kifuko, chini ya taa yako. Omba pia masharti ya kurudisha yaandikwe, hasa kwamba sarafu ikikataliwa na kampuni ya upimaji unarudishiwa pesa zote. Muuzaji mwaminifu hupunguza bei kidogo na hakwepi sharti hilo. Asiye mwaminifu hufanya kinyume: bei inashuka haraka, sharti linazua hadithi ndefu.

Picha za mtandaoni zinahitaji ukali. Picha moja yenye mwanga mkali wa mbele huficha mikwaruzo yote. Omba picha ya pembeni, video fupi ya sarafu ikigeuzwa chini ya taa, na picha ya karibu ya tarehe na herufi ya kiwanda. Kimya, au jibu la "picha zinatosha", ni jibu kamili.

Wakati tundu bado liko wazi

Kuweka sarafu ya mfano ni halali mradi ina alama. Marekani ina sheria tangu 1973 inayotaka nakala za sarafu ziandikwe neno COPY, na nakala isiyo na neno hilo usiiingize nyumbani, hata kwa bei ya peremende, kwa sababu siku moja mrithi wako ataiuza kama halisi bila kujua. Wengine huchapa picha ya sarafu halisi kwa ukubwa wake na kuikata duara. Mimi napendelea tundu wazi lenye kikaratasi kilichoandikwa daraja ninalolitafuta na ukomo wa bei. Kila nikifungua ukurasa, namba ile hunikumbusha kutonunua kitu kingine.

Hatua ya saba: kumweka ndani

Kigogo akifika ndani ya kasha la kampuni ya upimaji, utatamani kumtoa ili ajaze tundu. Kabla ya kuvunja kasha, fikiri. Uthibitisho unaenda na kasha. Siku ya kuuza utalipia upimaji upya, na daraja linaweza kushuka. Kama sarafu ina kasoro iliyoandikwa, hasara ni ndogo. Kama ina daraja safi, iache ndani, uweke picha yake kwenye tundu na kasha lihifadhiwe pembeni. Ukiamua kuvunja, hifadhi lebo na picha za kasha likiwa zima.

Albamu yenyewe inaweza kumdhuru. Zile zenye vipande vya plastiki vinavyoteleza juu ya matundu huacha mikwaruzo kwenye shavu la sura kila unapoviingiza, kwa sababu shavu ndilo lililoinuka zaidi. Sukuma sarafu ikae chini kabisa ya tundu kabla ya kuteleza plastiki, na telezesha polepole. Unapoibonyeza sarafu ndani, bonyeza ukingo, kamwe usibonyeze uso, na uweke kitambaa safi cha pamba katikati ya kidole na sarafu. Plastiki laini yenye PVC huachia ute wa kijani unaonata. Ukiukuta kwenye sarafu uliyoinunua, asetoni safi isiyo na manukato wala mafuta huuondoa bila kugusa chuma. Tumbukiza, usisugue, acha ikauke yenyewe, na fungua madirisha. Kiondoa rangi ya kucha si mbadala, kwa kuwa kina vitu vingine ndani yake. Dawa za kung'arisha chuma zisikaribie meza hiyo.

Kadibodi za zamani zina salfa inayoigeuza fedha kuwa kahawia na samawati pembezoni. Wengine huipenda rangi hiyo, lakini kwa sarafu mpya ya fedha chagua albamu ambayo mtengenezaji wake anasema haina salfa wala asidi, iweke wima mahali pakavu, na vifuko vya kunyonya unyevu pembeni yake vibadilishwe vikishajaa.

Piga picha pande zote mbili kabla ya kumfunika, na uweke risiti na ukurasa wa uthibitisho mahali tofauti na albamu. Na kama baadaye utataka kumbadilisha kwa mwenye hali bora zaidi, usimwuze wa zamani mpaka mpya awe mkononi mwako, amepimwa, na muda wa kumrudisha umekwisha.